Kufanya kazi ya uchambuzi wa tabia kihalali Mtwara na Lindi: cheti, usajili na leseni

Tanzania haina sheria mahususi ya kumpa mchambuzi wa tabia leseni. Hakuna baraza lenye jina hilo, wala rejista ya majina. Ukikuta bango Mtwara mjini, Masasi au Lindi limeandikwa "mchambuzi wa tabia mwenye leseni", swali la kwanza ni leseni ya nani. Mara nyingi ni leseni ya biashara ya halmashauri, ile ile anayopewa muuza simenti.

Kazi yenyewe haijakatazwa. Kumsaidia mtoto mwenye usonji ajifunze kuomba maji badala ya kujipiga, kumfundisha hatua kwa hatua kuvaa viatu, kupima kama mpango unaleta mabadiliko au hapana: haya yote yanaweza kufanywa kihalali. Ila unayafanya ukiwa ndani ya taaluma ambayo nchi inaitambua, na kwa cheo ambacho ni chako kweli. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa elimu maalumu, mhitimu wa saikolojia, mhudumu wa afya au wa ustawi wa jamii anayetaka kuifanya kazi hii katika mikoa hii miwili bila kuja kuumbuka.

Karatasi tatu ambazo watu huzichanganya

Cheti cha taaluma hutolewa na chombo cha wataalamu baada ya masomo, mazoezi yanayosimamiwa na mtihani. Kinasema unajua nini. Usajili au leseni ya taaluma hutolewa na chombo kilichoundwa kwa sheria ya nchi au jimbo; kinasema umeruhusiwa kufanya kazi hapo, na kinaweza kukunyang'anya ruhusa hiyo. Leseni ya biashara inasema tu kwamba umejiandikisha kutoa huduma kwa malipo mahali fulani. Ukishazitenga hizi tatu, sehemu kubwa ya utata imekwisha.

Mkanganyiko huu umetoka Marekani, ambako karatasi mbili za kwanza hutembea pamoja. Bodi iitwayo BACB, iliyoanzishwa mwaka 1998, hutoa vyeti: RBT kwa fundi anayefanya kazi na mtoto chini ya usimamizi, BCaBA kwa mwenye shahada ya kwanza, na BCBA kwa mwenye shahada ya uzamili. BACB ni shirika binafsi lisilo la faida, na haitoi leseni. Leseni hutolewa na jimbo. Nevada na Oklahoma zilitunga sheria zao mwaka 2009, kisha majimbo mengi yakafuata, kila moja kwa jina na masharti yake. Mwenye leseni ya Texas akihamia New York anaomba upya. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "leseni ya Marekani", hiyo karatasi haipo. Ipo leseni ya jimbo fulani, nayo haivuki hata mpaka wa jimbo la jirani, seuze Ruvuma.

Jambo la pili ambalo limewala watu fedha: tangu tarehe 1 Januari 2023 BACB haipokei maombi mapya kutoka popote duniani kama zamani. Wakati huo ilijibana kwa wakazi wa Marekani na Kanada, na nchi chache zilipewa muda wa mpito. Mkazi wa Tanzania hamo. Kozi za saa 40 mtandaoni bado zinauzwa zikiwa na maneno "kozi ya RBT", na ukimaliza unapewa karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Hiyo ni karatasi ya kumaliza kozi. Hata huko Marekani, RBT hupatikana baada ya kozi hiyo kufuatiwa na tathmini ya ujuzi mbele ya msimamizi, uchunguzi wa rekodi ya makosa na mtihani wa maswali 85. Jifunze kwa kozi hizo ukipenda, maana nyingi ni nzuri, lakini usiandike RBT mbele ya jina lako.

Vipo vyombo viwili vya kutoa vyeti vinavyopokea watu wa nchi nyingine: IBAO na QABA. Vyote vina ngazi ya fundi na ngazi ya mchambuzi. Kabla ya kulipa, fungua tovuti yao wenyewe, si ukurasa wa wakala, usome masharti ya mwaka huu. Ujue pia kwamba majimbo mengi ya Marekani yaliandika sheria zao yakitegemea cheti au mtihani wa BACB, hivyo kama ndoto yako ni kwenda kufanya kazi huko, uliza jimbo husika kwanza.

Anza na majina

Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini ndio unaokwamisha maombi mengi kuliko mtihani. Weka mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, vyeti vya chuo na pasipoti kama unayo. Soma jina herufi kwa herufi. Fatuma kwenye cheti cha shule, Fatma kwenye NIDA. Ismail na Ismaili. Jina la tatu la babu lililokuwepo shuleni na kupotea chuoni. Chombo cha nje kitalinganisha jina la maombi na kitambulisho chako siku ya mtihani, na herufi moja ikitofautiana unaweza kukosa mtihani na ada yako.

Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kama umebadilisha jina kabisa, hiyo ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya hivi kabla hujajaza fomu yoyote, kisha tumia jina moja kila mahali: TIN, BRELA, cheti, bango.

Kama shahada yako ni ya nje ya nchi, ipeleke TCU itathminiwe na kutambuliwa. Matokeo ya sekondari ya nje yanapata ulinganifu NECTA. Bila hatua hizi, mwajiri wa Serikali na baraza lolote la taaluma watakurudisha.

Chagua mlango wako

Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Akitumia mbinu za uchambuzi wa tabia darasani, anafundisha. Hahitaji kibali kingine zaidi ya kukubaliana na mwalimu mkuu na kuandika mpango wa mwanafunzi. Akitaka kupokea watoto nyumbani kwa malipo jioni, aombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo huyeyuka siku mtu akilalamika.

Mwenye taaluma ya afya asajiliwe na baraza lake. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017, linasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kama wewe ni mhitimu wa saikolojia na unataka kufanya kazi ndani ya hospitali, mwandikie msajili barua ukieleza shahada yako, chuo na kazi unayokusudia, uulize unaingia kundi gani. Usikisie, na usisikilize aliyeambiwa na rafiki yake. Jibu lake la maandishi, hata likisema "huhusiki na baraza hili", ni la kuhifadhi kwenye faili.

Asiye na baraza lolote hazuiwi kufundisha stadi za maisha na kuwaelekeza wazazi. Anachozuiwa ni kupima na kutamka ugonjwa, kutoa au kusimamisha dawa, na kujiita daktari au tabibu. Kusema "mtoto huyu ana usonji" ni utambuzi wa kitabibu. Wewe sema ulichokiona na kukihesabu, kisha mpeleke hospitali: Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao, kutegemea familia iko wapi. Rufaa hii ifanyike hata kabla ya mpango wa tabia kuanza. Mtoto anayejipiga sikio anaweza kuwa na usaha sikioni. Anayekataa chakula ghafla anaweza kuwa na jino bovu. Anayeganda na kukodoa macho anaweza kuwa na kifafa. Kanuni za maadili za BACB, zinazotumika tangu 1 Januari 2022, nazo zinadai sababu za kiafya ziangaliwe kwanza pale zinapowezekana. Kumpa mtoto zawadi ili aache kushika sikio linalouma ni ukatili, hata kama grafu itashuka.

Mgeni anayekuja kujitolea kwenye shule au hospitali ya misheni anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi kama mgeni yeyote. Kujitolea bila mshahara hakumwondolei hitaji hilo.

Usimamizi: hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka

Kwa kuwa hakuna baraza la kukukagua, msimamizi wako ndiye baraza lako. Kusini hii wasimamizi wenye cheti cha ngazi ya mchambuzi ni adimu, kwa hiyo wengi watamtafuta wa mbali na kukutana naye kwa video. Sawa, ila mkataba uje kwanza. Uandike atasimamia saa ngapi, kwa njia gani, kwa malipo gani, nani anawajibika mtoto akiumia, na mkiachana saa zilizokwisha kufanyika zitasainiwa vipi. Saa zilizofanywa kabla ya mkataba kwa kawaida hazihesabiwi.

Tumia vipimo vya BACB kama rula hata kama huombi kwao. Fundi husimamiwa angalau asilimia 5 ya saa anazotoa huduma kila mwezi: ukifanya saa 60, usimamizi ni saa 3. Lazima kuwe na makutano mawili ya ana kwa ana au ya video ya moja kwa moja, na angalau mara moja msimamizi akuone ukiwa na mtoto. Anayesomea ngazi ya BCBA hukusanya saa 2,000 za mazoezi kwa njia ya kawaida, na usimamizi wa asilimia 5, yaani saa 100. Au saa 1,500 kwa njia ya mkazo, asilimia 10, yaani saa 150. Usimamizi wa kikundi usizidi nusu. Na angalau asilimia 60 ya saa zote ziwe za kazi ya kichambuzi: kupima, kuandika mpango, kuchora na kusoma grafu, kufundisha wazazi. Kukaa na mtoto mezani tu hakutoshi.

Msimamizi anayekutoza kila mwezi na hajawahi kukuona ukifanya kazi anakuuzia saini.

Daftari la saa lina safu saba: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali, kazi iliyofanyika, aina ya usimamizi, saini. Fomu ya mwezi isainiwe kabla mwezi unaofuata haujaisha. Chini ya masharti ya BACB, ikipita hapo mwezi wote unaweza kupotea. Nyaraka hizo zihifadhiwe miaka 7. Nakala ya karatasi peke yake haitoshi kwenye nyumba ya bati inayovuja wakati wa masika. Piga picha, weka mahali pengine penye nywila.

Na unachoandika kiwe cha kuhesabika. Linganisha maandishi haya mawili ya siku moja:

"Mtoto alikuwa mkorofi, alisumbua sana, baadaye akatulia."

"Saa 3:20 asubuhi. Kabla: mama amechukua simu mkononi mwa mtoto. Tabia: amejitupa chini, amegonga kichwa sakafuni mara 4, sekunde 50. Baada: mama amerudisha simu."

La kwanza halimsaidii msimamizi, mzazi wala hakimu. La pili linaonyesha kwamba kichwa kikigonga, simu inarudi. Hapo mpango una pa kuanzia: mtoto afundishwe ishara au neno la kuomba simu, na simu ipatikane kwa neno hilo.

Ofisi, kodi na halmashauri

Ukitoa huduma kwa malipo nje ya ajira, mlolongo ni NIDA, TIN kutoka TRA, jina la biashara au kampuni BRELA kwa njia ya mtandao, kisha leseni ya biashara ya halmashauri kupitia mfumo wa Tausi. Katika kueleza shughuli, andika ukweli: ushauri na mafunzo ya stadi kwa watoto na familia. Usiandike "kliniki". Neno hilo linakuingiza kwenye usajili wa vituo vya afya binafsi, na wakaguzi wakija watakuuliza mganga mfawidhi ni nani. Leseni ina mwisho wake. Weka tarehe ukutani.

Ukipokea watoto wadogo kutwa nzima, hapo umekuwa kituo cha kulelea watoto mchana, hata kama umekiita jina lingine. Hicho kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maombi huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Nenda kwake kabla hujapanga nyumba, umwombe orodha ya masharti ya jengo, vyoo na walezi. Watu wengi wa Mikindani na Lindi mjini hupanga nyumba kwanza, wakapaka rangi na picha za sungura, halafu wakaambiwa choo hakifai.

Kufanya kazi ndani ya shule ya umma, barua inaanzia kwa Mkurugenzi wa halmashauri, inapita kwa Afisa Elimu Msingi, ndipo unafika kwa mwalimu mkuu ukiwa na nakala. Kuingia kwa kujuana na mwalimu wa darasa hufanya kazi mpaka siku ya kwanza mtoto atakapoanguka.

Ridhaa na video

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja au miwili, na isomwe kwa sauti. Kama mlezi ni bibi anayeelewa zaidi Kimakonde, Kimwera au Kiyao, tafuta mkalimani asiye mtoto mwenyewe wala jirani mwenye maneno, na jina lake liandikwe kwenye fomu. Dole gumba linakubalika likiwa na shahidi. Ndani yake kuwe na: nini kitafanyika, nini hakitafanyika, mara ngapi kwa wiki, gharama, nani ataona kumbukumbu, na kwamba mzazi anaweza kusitisha siku yoyote bila kueleza sababu.

Ongeza vifungu viwili vya kwetu. Kimoja ni cha jando na unyago: likizo ya Juni na Desemba mtoto anaweza kuondoka kwa wiki kadhaa, basi mkubaliane mapema huduma inasimama vipi na inarudi vipi, na kama mtoto ana mahitaji maalumu, nani kule atayajua. Kingine ni cha malipo. Familia inayotegemea korosho ina fedha msimu wa mnada na haina Machi. Kukubali malipo ya msimu kwa maandishi ni bora kuliko kudaiana kila wiki. Kupokea gunia la korosho badala ya ada kunaanza kama ukarimu na kuishia kwenye ugomvi wa bei.

Video ndiyo sehemu ambayo wengi wanavunja sheria bila kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto na za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzituma nje ya nchi kuna masharti yake. Msimamizi wako akiwa London na wewe Nachingwea, kila kipande cha video unachomtumia kimevuka mpaka. Kwa hiyo: ridhaa ya video iwe tofauti na ridhaa ya huduma, tumia kikao cha moja kwa moja kisichorekodiwa pale inapotosha, ukirekodi, tumia herufi au namba badala ya jina, weka tarehe ya kufuta na uifuate. Waulize Tume kuhusu kibali cha kusafirisha taarifa kabla hujaanza. WhatsApp ya familia si kabati la kumbukumbu. Na video ya mtoto akigonga kichwa haiendi mtandaoni kutangaza huduma, hata ukimfunika macho: shati la shule linatosha kumtambulisha Newala nzima.

Fimbo

Utaombwa kuchapa, au kumruhusu mtu achape "kidogo tu" ili mpango uende haraka. Kanuni za elimu za mwaka 2002 bado zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi 4. Wewe si mmoja wao, na mpango wako usiwe na fimbo, pilipili, kufungwa kamba wala kunyimwa chakula. Sheria ya Mtoto inakataza mateso na kumdhalilisha mtoto. Andika katika mpango wenyewe kwamba adhabu za mwili hazitumiki, na mwalimu asaini. Ukikuta mtoto amefungwa ndani au ana alama za kipigo, taarifa ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu 116 ya bure. Siri ya mteja haizuii taarifa hiyo, na fomu ya ridhaa iseme hivyo tangu siku ya kwanza.

Bango, na mzazi anayeuliza

Andika shahada, taaluma na cheti kwa ukamilifu wake. Mfano unaosimama: "Mwalimu wa elimu maalumu (shahada). Mafunzo ya stadi na tabia kwa watoto wenye usonji na ulemavu wa akili. Chini ya usimamizi wa mchambuzi wa tabia mwenye cheti." Jina la msimamizi, chombo kilichompa cheti na namba ya cheti chake viwe kwenye faili mzazi aweze kuviona. BACB ina orodha ya wazi kwenye tovuti yake ambako jina hutafutwa bila malipo; huonyesha kama cheti kiko hai na kama kuna adhabu. Mfundishe mzazi kuitafuta, mbele yako, kwa simu yake. Maneno "tunaponya usonji" yasikaribie bango lako.

Mzazi akilalamika, usianze kwa kujitetea. Pokea kwa maandishi, mpe nakala, mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo, na usiguse kumbukumbu za nyuma. Kusahihisha ni kuongeza mstari mpya wenye tarehe ya leo. Mweleze anaweza kwenda wapi: kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa mwajiri wako, kwa baraza lako kama unalo, na kwa chombo kilichompa msimamizi wako cheti.

Ukihama kwenda Dar es Salaam au ajira ikiisha, mpe mzazi notisi ya angalau mwezi mmoja na barua ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: mtoto anaweza nini sasa, anafundishwa nini, kitu gani humchokoza, kitu gani hakijafanya kazi. Nakala moja iende kwa mwalimu wake, mzazi akiridhia.